Tumbo la Kinyonga

Mwezi uliopita nilipopanda nyumbani kwetu Kibosho nilikuta mafundi wameng'oa ua wa masale, mimea yetu ya mipaka, uliokuwa mbele ya nyumba, ili wajenge ukuta wa matofali. Masale yalikuwa yamelazwa kando ya njia, majani yake marefu yamelegea, na pale mizizi ilipotoka udongo ulikuwa mweusi na wa baridi. Ulitoa ile harufu ambayo aliyekulia mlimani hahitaji kuelezwa: majani ya migomba yaliyooza, samadi, na maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia. Nilisimama pale na mkoba begani, macho yangu yakipita tawi kwa tawi, taratibu, kama nilivyokuwa nikifanya utotoni. Fundi mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamjibu hapana, nikaingia ndani. Nilikuwa natafuta vinyonga.

Sisi tuliokulia vihambani, chini ya migomba na mibuni ya wazee wetu, tulifundishwa kumwogopa kinyonga kabla hatujafundishwa kumwogopa nyoka. Nyoka aliuawa kwa jembe na habari yake ikaishia hapo. Kinyonga hakuna aliyemgusa. Ukimkuta njiani unarudi nyuma, unapita kwa mbali, na usiku unalala umejifunika hadi kichwani kwa sababu amekutazama. Nilimwogopa kama wenzangu wote, mpaka kipindi kile mama alipolazwa.

Zilikuwa zile nyakati bei ya kahawa ilipoanguka, wanunuzi binafsi wakaanza kupita na magunia yao, na baba wengi wakateremka mjini kutafuta kazi. Baba yangu alipata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi la familia moja ya Kihindi pale Moshi, akapanga chumba Majengo, na sisi tukawa tunamwona mwisho wa juma akipanda na mkate wa dukani chini ya kwapa. Nyumbani tulibaki watatu: mama, Bibi mzaa baba, na mimi. Sikuwa na ndugu. Baada yangu mama alikuwa amebeba mimba nyingine zilizotoka kabla ya wakati, ingawa hayo niliyajua ukubwani. Wakati ule nilijua tu kwamba mama ana mtoto tumboni, kwamba miguu yake imevimba hata viatu havimwingii, na kwamba asubuhi moja alipandishwa mbele ya pikapu ya jirani akiwa amejifunga kitenge chake cha kanisani.

"Manka," aliniambia dirishani, "msaidie Bibi. Nitarudi na mtoto."

Pikapu ikateremka. Nilibaki nimeshika mlango wa ua mpaka mlio wake ukapotea huko chini kwenye kona za barabara.

Siku chache baadaye alikuja baba mdogo Deo, mdogo wa mwisho wa baba. Baba mdogo alikuwa ameshajaribu kila biashara. Aliwahi kuuza mitumba, akaleta sabuni na mafuta ya kupikia kutoka Tarakea mpakani, akalima mpunga Mabogini hadi maji yalipomshinda. Safari hii alikuwa na kazi ambayo kijiji kizima kiliicheka: alikusanya vinyonga kwa mfanyabiashara aliyekuwa akiwasafirisha kwenda Ulaya. Wazungu wanafuga kinyonga? Wamlishe nini? Baba mdogo hakujali. Alipita mashambani na tenga lililofunikwa kwa kipande cha chandarua, na watu walimpisha njia kama amebeba jeneza.

Jioni ile alifunua tenga lake uani, akamtoa kinyonga mmoja aliyeng'ang'ania kidole chake.

"Huyu wamemkataa," alisema. "Mguu umeumia, kamba ilimkata. Na macho yamezama. Wanasema hatafika huko."

Alitaka kumtupa kwenye mibuni. Sijui nini kilinipata. Nadhani ni lile neno, wamemkataa. Au ni kwa sababu mama naye alikuwa ameondoka hapo akiwa na miguu mibaya. Nilinyoosha mkono wangu, nikasema, "Nipe mimi."

"Umerogwa?" Bibi alipiga kelele kutoka mlango wa jiko. "Deo, usimpe mtoto kitu hicho!"

Lakini kinyonga alikuwa ameshavuka. Alinyanyua mguu wa mbele, akausitisha hewani kama anayefikiri, akautua kwenye kidole changu, akashika. Hakukwaruza, hakuuma. Alishika kwa upole na uthabiti, vidole vyake vimeungana makundi mawili kama koleo dogo, baridi kidogo. Hofu yote niliyorithi iliniishia pale pale uani, na hadi leo siwezi kueleza ilikwenda wapi.

Alikuwa si mkubwa, hakuzidi urefu wa mkono wangu wa mtoto tangu kifundo hadi ncha za vidole, ukiacha mkia uliojiviringa. Rangi yake ilikuwa ya jani la kahawa lililoanza kukauka, na mgongoni alikuwa na mstari wa meno madogo kama ya msumeno. Jicho moja lilinitazama mimi. Jingine liligeuka peke yake, likamtazama Bibi. Mbavuni ngozi ilikuwa imevutika, na nilipopitisha kidole tumboni kwa uangalifu nilihisi vinundu vinundu, kama maharage ndani ya soksi.

"Ana mayai huyo," baba mdogo alisema. "Kule Mabogini niliwahi kumwona mmoja kwenye tuta la jaruba. Alichimba shimo, akataga, akafukia kama kuku aliyesoma."

"Mayai gani!" Bibi alisema. Alikuwa bado mlangoni, amejifunika kanga mabegani, hataki kusogea. "Kinyonga hatagi na wala hazai kama wanyama wengine. Siku zake zikifika, tumbo linapasuka. Watoto wanatoka, yeye anakufa. Tangu dunia iumbwe. Hajawahi kinyonga kumwona mwanawe."

Aliyasema hayo bila ubaya wowote, kama mtu anavyosema mvua inatoka juu. Nami nikayachukua hivyo hivyo.

Nilimpa jina la Harusi, kwa sababu alitembea kama bibi harusi anayeingia kanisani, hatua moja, anasimama, anayumba kidogo, hatua nyingine. Bibi alikataa katakata alale ndani ya nyumba, basi nikapanda tawi la mbuni kwenye ndoo kuukuu, nikaiweka chini ya mapaa ya banda la ng'ombe, ambako kuna joto na nzi hawakosekani.

Jumamosi baba alipanda kama kawaida. Nilikuwa nyuma ya jiko nachambua maharage, na yeye na Bibi walikuwa ndani, moto katikati yao. Ukuta wa jiko letu ulikuwa wa mbao zenye nafasi, kila neno lilipita.

"Presha haishuki, mama," nilimsikia baba akisema. "Daktari amesema wanasubiri. Isiposhuka, watampasua."

 Bibi akasema, "Yesu na Maria," na sauti yake haikuwa ile ya kawaida.

Ninyi wenzangu mnajua neno hilo, kupasua. Kwa mtu mzima ni neno la hospitali, linatisha lakini lina daktari ndani yake, na dawa ya usingizi, na uzi. Mimi nilikuwa nimelisikia siku chache kabla likisemwa juu ya tumbo la kinyonga, na sikujua kama lina maana mbili. Mikono yangu ilisimama juu ya ungo. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, kwa nini watu wazima walishusha sauti kila waliponiona. Kwa nini jirani alinipapasa kichwa akasema maskini. Tumbo la mama lilikuwa linangoja kupasuka. Mtoto angetoka, na mama asingemwona.

Sikumuuliza baba. Mtoto akiogopa sana haulizi, anaogopa jibu. Nilibeba jambo lile peke yangu, na kwa kuwa sikuweza kufika alipo mama, nilikwenda kwa yule aliyekuwa jirani. Nilijiambia: ikiwa maneno ya baba mdogo ni ya kweli, na huyu ana mayai, basi atataga bila kupasuka. Na kama yeye hapasuki, basi si lazima matumbo yapasuke.

Kuanzia hapo nilimuuguza kama mtu. Nilimwosha mguu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, nikimshikilia kwa kipande cha sweta yangu ya mtumba, naye akafungua kinywa chake cha njano na kunitolea pumzi ya hasira. Hakutaka maji ya kwenye kifuniko. Aliyatazama kana kwamba hayapo. Asubuhi moja yenye umande nikamwona akilamba tone lililoning'inia kwenye jani, nikaelewa. Basi nikawa nakunja jani la mgomba, nalitoboa kwa mwiba, nalining'iniza juu ya tawi lake, na maji yanashuka tone, tone. Alinyoosha shingo, akafumba jicho lililokuwa upande wangu, akanywa. Nilitazama koo lake likipanda na kushuka mpaka Bibi aliponiita mara ya tatu kwenda kukata majani ya ng'ombe.

Na nilipomwona akila mara ya kwanza, nilikaa chini. Nzi alikuwa ametua mbali, ng'ambo ya ndoo. Macho mawili ya Harusi, yaliyokuwa yakizunguka kila moja na safari yake, yakageuka mbele pamoja. Alijivuta kidogo, kinywa kikafunguka, na kitu kilitoka na kurudi. Sikukiona. Niliona tu kwamba nzi hayupo na Harusi anatafuna. Nilimwita Bibi aje, na Bibi akaja hadi umbali wa fimbo, akasimama na mwiko wake mkononi. Nzi wa pili alipokwenda kwa namna ile ile, Bibi alisema polepole, "Ulimi mrefu kuliko mwenyewe. Mungu naye." Alisimama pale hadi harufu ya uji ulioungua ilipomkumbusha.

Lakini hakutaga. Nilibadilisha udongo wa ndoo, nikaweka ule laini wa kando ya mfongo ambao unachimbika hata kwa kidole. Siku moja alishuka, mguu baada ya mguu, mpaka akagusa udongo.  Aliuweka mguu wake juu ya udongo, akautazama kwa jicho moja, kisha akageuka akapanda tena hadi juu kabisa, akaniacha nimepiga magoti. Tumbo lilizidi kujaa hadi mbavu zikaanza kuonekana kama matete ya uzio. Kisha akaacha kula. Nzi walitua karibu na pua yake, naye hakugeuza macho. Rangi yake ikawa ya mkaa, na nilianza kumkuta amefumba macho mchana kweupe. Baba mdogo alipopita alimwangalia akatikisa kichwa.

"Kinyonga anayelala mchana anakwenda," alisema. "Usimlilie, mwanangu. Alikuwa amekataliwa tangu mwanzo."

Ukungu ulikuwa umeanza, ule wa kwetu unaoteremka kutoka msituni na kukaa kati ya migomba siku nzima, matone yakidondoka kila mahali bila kuwa na mvua. Bandani kulikuwa baridi. Nilikaa kando ya ndoo nimejikunyata, na sikuwa nalia kwa ajili ya kinyonga, ingawa nilikuwa nalia. Bibi alitoka jikoni akanikuta hivyo.  Mimi nilidhani ataniambia niache upuuzi.

"Mlete ndani," alisema.

"Jikoni?"

"Kwenye joto. Ana mimba, hata kama ni kinyonga. Lakini usimweke upande wangu."

Ndivyo ndoo ilivyoingia jikoni, ikawekwa mbali kidogo na mafiga, moshi usikofika. Na tangu hapo, kila nilipotoka shuleni, nilikuta jani la mgomba juu ya tawi limeshajazwa maji. Nyumbani alikuwa akibaki Bibi peke yake.

Jumapili moja tulikuwa tunajiandaa kwenda misa ya kwanza. Bibi alikuwa chumbani anafunga kilemba chake, mimi nimeshavaa gauni na soksi nyeupe, nikaenda jikoni kumtazama Harusi kabla hatujaondoka. Alikuwa juu ya tawi, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi macho yake yalikuwa wazi. Alitembea. Alikwenda hadi mwisho wa tawi, akarudi, akasimama. Akainua mkia. Tumbo lake likajibana, likaachia, likajibana tena.

Kisha kitu kikaanguka.

Kilikuwa tone zito linalong'aa, kama ute wa yai, na kilipogusa jani la chini kilinata pale. Ndani yake mlikuwa na kitu cheusi kilichojikunja. Nikajua. Matumbo ya Harusi yameanza kutoka. Nilipiga kelele ambayo Bibi alisimulia hadi uzee wake kwamba ilimfanya aangushe pini zote.

"Anapasuka! Bibi, anapasuka!"

Bibi alikuja mbio, kilemba nusu. Alisimama kando yangu, akanishika bega, na tulipotazama, tone la pili likaanguka, likanata kwenye tawi. Harusi akasogea hatua mbili, kama anayetafuta nafasi. La tatu likaanguka kwenye udongo wa ndoo, ule udongo niliouandaa kwa mayai.

"Matumbo yake," nilisema.

"Nyamaza," Bibi aliniambia. "Nyamaza utazame."

Lile tone la kwanza lilikuwa linatikisika. Kile cheusi kilichojikunja kilijinyoosha ndani ya ute, mara moja, kikatulia kama kimechoka, kikajinyoosha tena. Utando ukachanika bila sauti. Kukatoka kichwa. Juu ya kichwa kulikuwa na macho mawili, madogo kuliko mbegu za mchicha, na moja likageuka kushoto na moja likageuka kulia, yakitazama jiko la Bibi yangu. Kisha mguu. Mguu wenye koleo lake kamili, uliosita hewani kidogo, ukatua, ukashika ukingo wa jani. Alikuwa ndiyo kwanza ameingia duniani, hata ute haujamkauka mgongoni, na tayari alikuwa anatembea ule mwendo wao, hatua, kusita, kuyumba, kana kwamba aliujua tangu zamani. Alipanda juu bila kumtazama mama yake wala sisi.

Sijawahi kuona kitu kama hicho. Nimeingia miji mikubwa tangu wakati ule, nimeona bahari, nimepanda ndege juu ya mlima wetu na kuitazama theluji yake kutoka juu, na bado sijawahi.

Matone yaliendelea. Mengine yalianguka yakabaki kimya; Bibi aliyagusa kwa njiti ya kibiriti na yalikuwa hayana uhai. Lakini mengi yaliamka. Kengele ya kanisa ililia, ikamaliza kulia, na hakuna kati yetu aliyeitaja. Tulikuwa tumepiga magoti sakafuni, mimi na soksi zangu nyeupe kwenye majivu, Bibi na kanga yake nzuri, tukizungukwa na vinyonga vidogo visivyozidi ukubwa wa punje ya mpunga iliyomea, vikipanda tawi, vikipanda mpini wa ndoo, kimoja kikipanda pindo la nguo ya Bibi. Naye hakukikung'uta.

Harusi alipomaliza alibaki ameshika tawi, amekonda, ngozi ya tumbo imekunjamana kama mfuko uliotolewa unga. Mimi sikuthubutu kutazama chini yake. Nilisema, "Bibi, angalia kama pamepasuka."

Na Bibi, aliyekuwa hajawahi kumgusa kinyonga katika maisha yake yote, alifunika mkono kwa pindo la kanga, akamtoa kwenye tawi taratibu, akamgeuza kuelekea mwanga wa mlangoni. Alimkagua kama anavyokagua mtoto mchanga, akikunjua ngozi kwa kidole gumba. Jicho moja la Harusi lilimtazama.

"Hakuna tundu," alisema Bibi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mzima. Hakuna hata mkwaruzo." Kisha akaongeza kwa Kichagga maneno ambayo kwa Kiswahili ningeyasema hivi: mama zangu walinidanganya, na wao walidanganywa na mama zao.

Baba aliingia uani saa hizo hizo, akitarajia kutukuta tunarudi kanisani. Alikuwa amekuja kuchukua nguo za mama. Nilimrukia kabla hajasalimia.

"Baba, nipeleke kwa mama. Leo. Lazima nimwambie."

"Kumwambia nini?"

 Bibi alimtazama baba juu ya kichwa changu, akasema, "Mpeleke."

Hospitalini watoto walikuwa hawaruhusiwi wodini, na askari wa mlangoni hakutaka mazungumzo. Baba aliniacha kwenye nyasi chini ya jengo, akapanda. Baadaye kidogo mama akatokea kwenye dirisha la ghorofani, uso umevimba, amevaa gauni la hospitali, mkono mmoja juu ya tumbo. Tumbo lilikuwa bado lipo. Lilikuwa zima. Nilipaza sauti mpaka watu waliokuwa wakila chakula chini ya miti wakageuka.

"Mama! Hakupasuka!"

"Nani?" mama aliita.

"Kinyonga! Amezaa watoto, na hakupasuka! Bibi amemwangalia tumbo lote, hakuna tundu!"

Mama aliweka kiganja mdomoni. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na wanawake wengine wakaja dirishani kuona kinachomchekesha. Nikaogopa kwamba hajaelewa, kwamba anadhani nasimulia habari za mchezo. Nikaita tena, kwa nguvu zangu zote.

"Na wewe usipasuke, mama!"

Mama akaacha kucheka.  Kisha akageuka akamwambia baba jambo, na baba akashuka ngazi haraka, akanikalisha kwenye nyasi. Alikunja suruali yake. Kwenye muundi wake kulikuwa na kovu refu ambalo nilikuwa nimeliona maisha yangu yote bila kuliona.

"Hapa panga liliniteleza nikipogoa mibuni," alisema. "Hapo ndipo nilipasuka. Mama yako hatapasuka. Ikibidi, daktari atampasua, amelala, hasikii kitu, wamtoe mtoto, kisha wamshone. Kupasuka na kupasuliwa si kitu kimoja, Manka. Nani alikwambia ni kitu kimoja?"

 Nilishika kovu lake nikalifuata kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho. Lilikuwa gumu, limefunga.

Vile vinyonga vidogo tulivitoa mimi na Bibi, tukaviweka kwenye masale ya mbele ya nyumba, na kufikia kesho yake havikuonekana tena, vimeshakuwa majani. Ukubwani nilisoma kwamba vinyonga wengi hutaga kama yule wa Mabogini, lakini baadhi ya wale wa mlimani huzaa. Harusi alibaki. Alianza kula, rangi ya kijani ikamrudia kidogo kidogo, kwanza shingoni, kisha mbavuni. Asubuhi moja nilikuta tawi tupu na mlango wa jiko wazi, na Bibi akasema hajui chochote.

Wiki iliyofuata baba alipanda siku ya kazi. Nilimwona kwa mbali njiani akiwa ameshika kofia mkononi, nikaogopa, kwa sababu baba hakuwa akija siku ya kazi. Bibi alitoka jikoni akasimama nyuma yangu.

"Amejifungua," baba alisema, akihema. "Mtoto wa kiume."

"Amepasuka," niliuliza, "au amepasuliwa?"

Baba alichuchumaa mbele yangu, akanishika mashavu yote mawili. "Amepasuliwa," alisema. "Na ameshonwa. Ameamka, ameomba chai."

Mama alirudi nyumbani kwa pikapu ile ile iliyomchukua, akitembea taratibu sana kutoka barabarani, mkono begani kwa baba. Bibi alikuwa amepika mtori wa mzazi tangu alfajiri, nyumba nzima inanukia ndizi na nyama. Wanawake wa jirani waliingia na kutoka, kila mmoja akimtaka mtoto. Mimi nilisubiri waondoke. Mtoto sikumwangalia sana, naomba anisamehe. Nilikuwa naangalia kitenge cha mama, pale kilipofungwa.

Mama aliona. Alimlaza mtoto ubavuni, akafungua kitenge, akashusha nguo kidogo. Chini ya kitovu kulikuwa na mstari uliosimama, wa rangi ya zambarau, wenye alama ndogo ndogo pande zote mbili kama nyayo za ndege. Hakukuwa na tundu.

"Bonyeza," alisema. "Taratibu tu. Haitafunguka."

Niligusa. Palikuwa na joto. Nikaondoa kidole, nikakirudisha.

"Haya," mama alisema, akijifunga. "Na mimi niambie. Yule wako alizaaje? Kule dirishani sikusikia vizuri."

Nilifungua mdomo, lakini Bibi alikuwa ameshaweka bakuli la mtori chini, amevuta kigoda, amekaa. "Mimi nilikuwepo," alisema. "Nimeona kwa macho yangu haya. Kwanza aliinua mkia." Na akauinua mkono wake kuonyesha, akaweka vidole viwili hewani, akavisitisha, akavitua. Mama akanisogezea mtoto mapajani, kwa mara ya kwanza, mzito na wa moto. Nikamwacha Bibi asimulie.